Mjusi wa kwenye boksi: kwa nini mifupa yake ililainika?

Nikiwa darasa la tano, Shinyanga, nilimficha mjusi mdogo kwenye boksi la viatu. Alikuwa wa wale wanaokaa kwenye mawe makubwa, ambao dume akikomaa anakuwa na kichwa chekundu na mwili wa bluu. Wenzangu walikuwa wanawapiga kwa manati, mimi nikaona namwokoa. Kila siku nilimpa panzi na maji, na boksi nililiweka dirishani, nyuma ya kioo, ili apate jua.

Kufikia mwezi wa pili miguu yake ilikuwa imepinda na taya limekuwa laini kama mpira. Panzi alimwona, ila kumtafuna hakuweza. Akafa. Nilijua ni njaa. Kumbe alikosa jua, na mimi nilimweka juani!

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikisoma kuhusu ndugu yake wa Australia, Pogona vitticeps. Huyu ana miiba ya kidevuni inayofanana na ndevu, na Ulaya na Marekani watu wanamfuga nyumbani kama sisi tunavyofuga paka. Yeye na mijusi wetu wa mawe ni wa familia moja, Agamidae. Kwa kuwa amefugwa sana, mahitaji yake yanajulikana vizuri, na yanaeleza kosa langu.

Tuanze na joto. Mjusi hatengenezi joto la mwili kama sisi, analichukua nje. Mwangalie saa mbili asubuhi: amejibandika juu ya jiwe. Saa saba mchana hayupo, yuko kwenye ufa wenye kivuli. Yaani anahamahama ili mwili ubaki kwenye joto linalofaa. Akipoa sana, chakula hakisagiki tumboni. Akizidi kupata joto, anakufa.

Kwa hiyo nyumba ya Pogona mchanga lazima iwe na pande mbili. Upande mmoja kuna balbu ya joto, na jiwe au gogo lililo chini yake hufikia nyuzi joto 40 hivi. Upande wa pili ni kivuli chenye nyuzi 25 hivi na mahali pa kujificha. Boksi langu la viatu lilikuwa na joto moja kila kona, hakuwa na pa kwenda. Tena kuna hatari nyingine: tanki la kioo likiachwa kwenye jua la Shinyanga, linakuwa kama gari lililofungwa vioo. Linaweza kuua ndani ya dakika chache.

Sasa tuje kwenye mwanga, ambako ndiko nilikoharibu zaidi. Jua lina miale tusiyoiona, inayoitwa UVB, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 280 hadi 315. Ikigusa ngozi, mwili huanza kutengeneza vitamini D3. Vitamini hiyo ndiyo inayousaidia utumbo kufyonza kalisi kutoka kwenye chakula. Isipokuwepo, kalisi nyingi inapita tu. Lakini moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila kalisi, kwa hiyo mwili unaenda kukopa kwenye mifupa. Mjusi anayekua ndiyo kwanza anaijenga hiyo mifupa, kwa hiyo anaishiwa haraka. Kwa watoto wetu, upungufu huo huo wa vitamini D huleta matege.

Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwanga tunaouona na huzuia karibu UVB yote. Mjusi wangu alikuwa anaona jua bila kulipata. Balbu za LED tunazowasha nyumbani, ziwe za umeme au za sola, nazo hazitoi UVB. Chumba kinaweza kuwaka kama mchana na mifupa ikaendelea kulainika.

Ndiyo maana wafugaji wa Pogona hutumia taa maalumu ya UVB. Huwekwa upande uleule wa joto, bila kioo katikati, maana mjusi akija kuota apate vyote viwili kwa pamoja. Huwashwa saa 12 hivi, usiku ni giza. Taa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwa sababu UVB hupungua wakati macho yako bado yanaona taa inawaka vizuri. Na wadudu hupakwa unga wa kalisi kabla ya kuliwa, kwa kuwa panzi mwenyewe ana kalisi kidogo.

Hesabu sasa: balbu, taa, umeme wa saa 12, na tanki ambalo mkubwa akifika litatakiwa liwe na urefu wa sentimita 120 hivi. Vyote hivyo ni kuiga kile ambacho jiwe la Shinyanga au Geita linatoa bure. Tena, kukamata na kufuga mnyamapori Tanzania kunahitaji kibali, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kwa hiyo ukimkuta mdogo kwenye jiwe, mwache palepale. Kaa mbali kidogo, chukua daftari, hesabu mara ngapi anatoka juani kwenda kivulini kwa saa moja. Utajifunza mengi kuliko nilivyojifunza mimi na boksi langu.