Hofu ya Influenza kwa Mjamzito

Mjamzito anayemkazia macho abiria anayekohoa ndani ya daladala iliyofungwa madirisha haogopi bure. Influenza, ile homa ya mafua inayomlaza mtu kitandani siku kadhaa, huweza kumpata yeyote, lakini ikimpata mjamzito humwelemea zaidi. Ndiyo maana kumwambia “usijali, ni mafua tu” hakumsaidii. Kinachoituliza hofu hii ni kujua hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani, inatoka wapi, na nini kifanywe kabla ugonjwa haujabisha hodi na pale unapobisha.

Historia inaonyesha kwamba hofu hiyo ina msingi. Katika janga la mwaka 1918, wajawazito waliopata influenza walikufa kwa wingi, hasa wale ambao ugonjwa ulishuka kifuani ukawa nimonia. Mwaka 1957, influenza iliyotokea Asia ilipofika jimbo la Minnesota nchini Marekani, nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa na mimba. Mwaka 2009 kikaja kirusi kipya cha H1N1, ambacho katikati ya mwaka huo kilishafika Afrika Mashariki. Nchini Marekani, wajawazito walikuwa kama asilimia 1 tu ya watu wote, lakini walikuwa asilimia 5 ya waliouawa na kirusi hicho.

Sababu imo katika mabadiliko ya mwili yanayoletwa na mimba. Kadiri mtoto anavyokua, mfuko wa uzazi hukisukuma juu kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mapafu hubaki na nafasi ndogo ya akiba wakati mwili unadai oksijeni nyingi zaidi. Moyo nao husukuma damu nyingi kuliko kawaida, na kinga ya mwili hujirekebisha ili imlee mtoto bila kumshambulia. Mapafu yakivimba kwa nimonia katika hali hiyo, mama huishiwa pumzi upesi. Hatari hupanda zaidi katika miezi mitatu ya mwisho na haimaliziki chumba cha kujifungulia, kwani huendelea kama wiki mbili baada ya hapo. Mwenye pumu, kisukari, sikoseli, ugonjwa wa moyo au VVU ana sababu zaidi ya kujihadhari. Kuhusu mtoto aliye tumboni, kirusi chenyewe kwa kawaida hakivuki kondo la nyuma. Madhara hutokana zaidi na homa kali ya mama, hasa katika wiki za mwanzo ambapo ubongo na uti wa mgongo vinaumbika, na ugonjwa mzito unaoweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Hata hivyo, uwezekano wa kuupata ugonjwa na uzito wake ukishaupata ni mambo mawili tofauti, na hofu hukua pale yanapochanganywa. Mwaka 2011 na 2012, watafiti wa Soweto, Afrika Kusini, waliwafuatilia wajawazito zaidi ya 2,000 wasio na VVU. Nusu walichomwa chanjo ya influenza na nusu sindano isiyo na chanjo. Miongoni mwa wasiochanjwa, waliothibitishwa na maabara kuwa wamepata influenza, tangu siku ya sindano hadi miezi mitano na nusu hivi baada ya kujifungua, hawakufika 4 katika kila 100. Miongoni mwa waliochanjwa hawakufika 2. Mahali pengine na katika mwaka mwingine hesabu inaweza kuwa tofauti, lakini kiasi hicho kinafaa kukumbukwa: wajawazito wengi hawaupati ugonjwa huu, na wengi wa wanaoupata hupona nyumbani. Anayestahili kushughulikiwa haraka ni yule aliyekwisha kuugua, na ni vizuri nguvu za mtu zielekezwe huko kuliko kuogopa kila anayepiga chafya.

Ujauzito wenyewe, tena, huleta dalili zinazofanana na za ugonjwa. Wanawake wengi huziba pua kwa wiki nyingi bila kirusi chochote, kwa sababu homoni za mimba huvimbisha ngozi laini ya ndani ya pua. Kuhema baada ya kupanda ngazi, kuhisi joto usiku na kuchoka bila kazi ni mambo ya kawaida pia. Influenza huja kwa namna nyingine: huanza ghafla, mara nyingi siku moja hadi nne baada ya kuambukizwa, kwa homa, baridi ya mwili, kikohozi kikavu, kichwa kuuma na maumivu ya misuli yanayomfanya mtu ashindwe hata kukaa. Kipimajoto cha kwapani, ambacho hupatikana katika maduka mengi ya dawa, huokoa usiku mwingi wa mashaka. Kisiposoma homa, na kupumua kukiwa kwa kawaida, pua iliyoziba si sababu ya kukesha. Ila kupima kila nusu saa hakuongezi usalama. Huongeza wasiwasi tu.

Wasiwasi una tabia ya kudai uhakika usiokuwepo. Mama humuuliza mumewe kama uso wake umebadilika, huambiwa hapana, hutulia kwa dakika kumi, kisha huuliza tena. Husoma habari za ugonjwa kwenye simu hadi saa nane za usiku. Huanza kukwepa sokoni, kisha msikitini au kanisani, mwisho huacha hata kwenda kliniki kwa kuogopa foleni ya watu wanaokohoa. Hapo ndipo hofu hugeuka hatari kuliko kirusi. Kliniki ndiko anakopimwa shinikizo la damu na wingi wa damu, anakopewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, na katika maeneo ya malaria, dozi za SP, dawa ya kuzuia malaria. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane. Mwenye hofu ya foleni anaweza kuvaa barakoa, kukaa karibu na dirisha au kusubiri chini ya mti, na kumwomba nesi amwite zamu yake ikifika. Kukosa kliniki hakumkingi na chochote.

Baadhi ya njia za kuupunguza wasiwasi ni rahisi. Anayesumbuliwa na maswali huyaandika kwenye daftari au nyuma ya kadi ya kliniki ili ayapeleke kwa mkunga, badala ya kuyazungusha kichwani usiku kucha. Wengine hutenga robo saa mchana ya kufikiria jambo linalowatisha, na likija nje ya muda huo huahirishwa hadi kesho yake. Kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kwa dakika chache, hushusha mapigo ya moyo. Familia nayo ina sehemu yake. Mume au mama mkwe anayesema “hebu tuangalie tumejiandaa vipi” humsaidia kuliko anayemcheka au anayeongeza habari za fulani aliyekufa na mimba yake.

Kinga yenye nguvu kuliko zote ni chanjo. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliwaweka wajawazito mstari wa mbele katika nchi zinazotoa chanjo ya influenza. Inayofaa ni ile ya sindano, iliyotengenezwa kwa virusi visivyo hai, na huweza kutolewa katika mwezi wowote wa mimba. Ile ya kupuliziwa puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo wajawazito hawapewi. Kwa kuwa virusi vya sindano si hai, haviwezi kumwambukiza mtu influenza, ingawa mkono huweza kuuma na homa ndogo kutokea kwa siku moja au mbili. Kinga hukamilika baada ya wiki mbili hivi, na hairithiwi na mwaka unaofuata, kwa sababu virusi hubadilika na chanjo hupangwa upya. Utafiti wa nchi nne, yaani Australia, Kanada, Israeli na Marekani, uliohusu miaka ya 2010 hadi 2016, ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza kwa wastani wa asilimia 40 uwezekano wa mjamzito kulazwa hospitali kwa influenza. Anayeogopa sindano kwa ajili ya mtoto anaweza kukumbuka kwamba chanjo ya pepopunda wamechomwa akina mama wa Afrika Mashariki kwa miongo mingi wakiwa na mimba, na imewaokoa watoto wao.

Tofauti ni kwamba ya pepopunda hutolewa kliniki bila malipo, wakati ya influenza, nchini Kenya na Tanzania, kwa kawaida hutafutwa katika hospitali binafsi na kulipiwa. Nchini Uingereza kila mjamzito hupewa bure. Hilo ni pengo linalostahili kuzibwa, na si haki mama alaumiwe kwa kukosa kitu ambacho hakikuletwa kwake. Anayeweza kuipata aiulizie mapema. Asiyeweza hajabaki mikono mitupu.

Nyumbani, hewa ndiyo jambo la kwanza. Kirusi husafiri katika matone ya kikohozi, na chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai hukisaidia kukaa. Karibu na Ikweta influenza haina msimu mmoja kama Ulaya. Huzunguka karibu mwaka mzima ikipanda na kushuka, kwa hiyo desturi ya kufungua madirisha na kunawa mikono kwa sabuni haifai kungoja mwezi maalumu. Mtoto wa shule akirudi na homa na kikohozi, ni vizuri mtu mwingine amlaze na kumfuta kamasi kwa siku tano hadi saba za mwanzo. Pasipo na mtu mwingine, mama huvaa barakoa, hunawa kila amshikapo, na hutenga kikombe cha mgonjwa. Nyumba ya chumba kimoja haimruhusu mtu kujitenga, lakini kulala mzungu wa nne na kuacha dirisha wazi kunapunguza kirusi kinachovutwa.

Mpango wa siku ya homa hupangwa mtu akiwa mzima. Huhitaji mambo machache: kipimajoto, vidonge vya parasetamoli, namba ya simu ya kituo, nauli iliyowekwa kando, na mtu aliyekubali kumsindikiza hata usiku. Joto likifika nyuzi 38, kituo cha afya kijulishwe siku hiyohiyo. Katika nchi zetu, homa ya mjamzito isiitwe mafua kabla ya kupimwa malaria, kwa kuwa malaria humuua mama na mtoto na dalili za mwanzo hufanana. Ugonjwa wa mkojo pia huleta homa.

Daktari akishuku influenza, ipo dawa ya oseltamivir, ambayo mjamzito huruhusiwa kuitumia. Kwa kawaida huwa ni miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku tano, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, bila kungoja majibu ya maabara. Haipo kila zahanati, na hiyo ni sababu nyingine ya kupiga simu mapema. Parasetamoli hushusha homa, na kuishusha ni kumkinga mtoto. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisimezwe bila ruhusa ya daktari. Antibayotiki haziui kirusi, ingawa daktari huzitoa nimonia ya bakteria ikiingia. Chai ya tangawizi na asali hutuliza koo, lakini kujifukiza chini ya blanketi humpandisha joto mtu ambaye tayari ana homa, na mitishamba mikali haijapimwa usalama wake kwa mtoto aliye tumboni.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi: kupumua kwa shida hata akiwa amekaa, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, homa isiyoshuka kwa parasetamoli, ndani ya midomo au ulimi kugeuka rangi ya buluu, kutoka damu, uchungu kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza. Yupo pia mgonjwa anayepata nafuu kisha homa na kikohozi kurudi kwa nguvu. Huyo arudi hospitali, kwa sababu mara nyingi ndiyo nimonia inaanza.

Kwa wanawake wachache wasiwasi haupungui hata baada ya maandalizi yote. Ukipita wiki mbili, ukamnyima usingizi hata anapopata nafasi ya kulala, ukamtoa hamu ya kula au kumletea mapigo ya moyo ya ghafla na hofu ya kufa, umekuwa ugonjwa unaotibika. Mawazo ya kujidhuru yanahitaji msaada siku hiyohiyo. Huko Rawalpindi, Pakistani, wajawazito wenye dalili za wasiwasi walipewa mazungumzo ya tiba mara sita na wahudumu waliofunzwa ambao hawakuwa madaktari. Matokeo ya wanawake 755, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionyesha kwamba baada ya kujifungua asilimia 12 ya waliopata mazungumzo walikuwa na sonona, dhidi ya asilimia 41 ya waliopata huduma za kawaida. Hiyo ni sababu tosha ya mama kumwambia nesi, bila aibu, kwamba hofu imemshinda.

Mtoto akishazaliwa, hofu huhamia kwake, na kwa haki, kwa maana watoto wa chini ya miezi sita hawachanjwi influenza. Kingamwili za mama aliyechanjwa huvuka kondo na kumlinda mtoto katika miezi ya mwanzo. Soweto, chanjo ya mama ilipunguza influenza ya watoto kwa karibu nusu. Mama akiugua huendelea kunyonyesha, akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono, kwa sababu kirusi hakipitii kwenye maziwa. Ndugu wanaokuja kutoa hongera hukaribishwa, ila mwenye kikohozi hupeleka salamu zake kwa simu na kumbeba mtoto akishapona. Miezi sita ikitimia, mtoto mwenyewe anaweza kuchanjwa pale chanjo inapopatikana.