Trela ya Shingo: Mzigo Hutulizwa Uwanjani, Si Barabarani



Wazee walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Siku hizi Mnyamwezi wetu ni trela. Buldoza ya kufungulia mashamba ya miwa, boila ya kiwanda, mashine ya kuchimba mitaro, vyote hivyo hutoka Kampala kwa barabara ya Jinja vikiwa vimelala juu ya trela ndefu yenye tumbo la chini. Mbele trela hiyo ina shingo iliyopinda kama ya bata, na shingo hiyo huegemea mgongo wa lori linaloivuta. Madereva wengi huiita lobedi.

Tumechagua kuizungumzia trela hii kwa sababu haimhusu dereva peke yake. Anayeongoza mashine ipande, anayekaza minyororo, anayeweka kabari na anayelala chini ya gari kuitazama pini ni mfanyakazi wa shamba, mfanyakazi wa kiwanda, au utingo, yaani taniboi kama tulivyozoea kumwita. Mambo yakiharibika, mara nyingi huyo ndiye aliye karibu zaidi na chuma.

Tumeona madhara ya gari zito lisilotulia. Tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena lilipoteza mwelekeo penye njia panda ya Londiani, nchini Kenya, likaparamia magari ya abiria na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Hapa kwetu, tarehe 25 Mei 2018, basi liligonga trekta lisilokuwa na taa huko Kiryandongo, katika barabara ya Kampala kwenda Gulu, kisha likagongana na lori. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Trekta ni chombo cha shamba, nasi twalijua vizuri. Taa moja ya nyuma ni kitu kidogo mpaka siku inapokosekana.

SHINGO YABEBA NINI?

Trela ya kawaida ya shambani huvutwa kwa mkono wa chuma, na uzito wake karibu wote huwa juu ya magurudumu yake yenyewe. Trela ya shingo ni tofauti. Sehemu ya mzigo hubebwa na ekseli zake za nyuma, na sehemu nyingine hupitia shingoni ikakandamiza ekseli za nyuma za lori. Kwa hiyo mahali mashine inapowekwa ni jambo kubwa sawa na uzito wake.

Tuchukue mfano. Tuseme kutoka pini ya shingo hadi katikati ya ekseli za trela ni mita 10, na mashine yetu ni ya tani 20, kama zilivyo nyingi za kuchimba za ukubwa wa kati. Ikikaa hivi kwamba kitovu cha uzito wake kiko mita 4 mbele ya ekseli za trela, shingo itachukua tani 8 na ekseli hizo tani 12. Isogeze mbele mita 2 tu, na hesabu itageuka: shingo tani 12, ekseli tani 8. Mashine ni ile ile, lakini lori limeongezewa tani 4 mgongoni.

Sasa tazama sheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari yaruhusu tani 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana, tani 24 kwa ekseli tatu, na tani 56 kwa gari zima. Ikiwa lori lenyewe lina tani 4 kwenye ekseli zake mbili za nyuma, na trela tupu yaongeza tani 3, basi katika mpango wa kwanza ekseli hizo zitabeba tani 15. Katika mpango wa pili zitabeba 19. Gari halijafika hata tani 40 kwa jumla, lakini mizani italikamata, na tairi zitaumia kabla ya mizani.

Wala kurudisha mzigo nyuma kabisa si dawa. Shingo ikiwa nyepesi, magurudumu ya lori hukosa nguvu ya kushika barabara, hasa kwenye mlima wenye utelezi, na trela huanza kutikisa mkia. Dereva hulihisi jambo hilo katika usukani, lakini akiwa njiani hana la kufanya ila kupunguza mwendo taratibu na kutafuta mahali pa kusimama. Ndiyo maana twasema mzigo hutulizwa uwanjani. Ukishapata mahali panapofaa kwa mashine fulani, piga alama ya rangi kwenye ubavu wa trela ili hata zamu nyingine ipajue.

KUUNGANISHA

Kabla ya kurudisha lori chini ya shingo, tazama sahani ya kuunganishia. Iwe safi na yenye grisi, na taya zake ziwe wazi. Magurudumu ya trela yawekewe kabari. Mtu yeyote asisimame kati ya lori na trela linaporudi nyuma, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua.

Likishaingia, usitegemee mlio wa chuma. Zima injini, funga breki, chukua tochi, uingie kutazama kwa macho: taya zimeikumbata pini, na hakuna mwanya kati ya sahani na shingo. Ukiona mwangaza unapita katikati, muungano huo ni wa uongo. Kisha dereva avute mbele polepole, katika gia ya chini, breki za trela zikiwa zimefungwa. Trela ikikataa kuachia, vema. Baada ya hapo ndipo miguu ya trela ipandishwe.

Unganisha mipira ya hewa na waya wa taa. Mpira mwekundu ndio unaoijaza trela hewa. Ukikatika, breki za trela hujifunga zenyewe. Mpira wa pili ndio unaopeleka amri ya kanyagio la dereva. Sikiliza kama hewa inavuja. Tazama taa zote zikiwaka, za breki na za kugeukia, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nyuma.

Zipo trela ambazo shingo yenyewe hutolewa, ili mashine ipande kwa mbele. Hizo zina hatari yake: shingo inaposhuka au kurudi mahali pake, pengo lililo kati yake na sakafu ya trela huziba kwa nguvu isiyojua mkono wala mguu. Kaa mbali mpaka pini za kufungia ziwe zimeingia zote.

KUPANDISHA NA KUFUNGA

Chagua mahali palipo sawa na pagumu. Udongo wetu ukinyeshewa huwa kama sabuni, nao ukiganda kwenye nyayo za buldoza huiteremsha mashine pembeni kana kwamba imepakwa mafuta. Kwangua tope kwanza. Chuma juu ya chuma huteleza. Sakafu ya mbao ngumu au vipande vya mpira husaidia sana.

Aliye juu ya mashine awe ni dereva wake peke yake, amefunga mkanda. Anayemwongoza awe mmoja, asimame anapoonekana, mbali na ubavu wa trela, kwa maana mashine ikianguka huangukia ubavuni. Wakitoa ishara watu watatu, dereva hana wa kumfuata. Kila mtu, hata mgeni, ana haki ya kutoa ishara moja tu: simama.

Mashine ikishafika kwenye alama, ishushwe jembe au ndoo mpaka iguse sakafu, breki ifungwe, injini izimwe. Kisha pima urefu wa kwenda juu kwa fito, toka ardhini. Andika namba hiyo kwenye kipande cha karatasi mbele ya dereva. Nyaya za umeme zinazovuka barabara za mashambani haziko juu kama tunavyodhani.

Kufunga si kuzungusha mnyororo. Nchini Marekani sheria yataka mashine nzito, kuanzia kilo 4,536, ifungwe kwa vifungio visivyopungua vinne, na mkono wake wa kuchimbia ufungwe peke yake. Sisi tuufuate utaratibu huo hata kama msimamizi ana haraka: mnyororo mmoja kila pembe, ya mbele ivute mbele, ya nyuma ivute nyuma. Kipimo kinachotumiwa Ulaya na Marekani ni kwamba vifungio kwa pamoja viweze kuuzuia mzigo kwenda mbele kwa nguvu ya nane ya kumi ya uzito wake, na nusu ya uzito huo kwa pembeni na nyuma. Kwa mashine yetu ya tani 20, hiyo ni nguvu ya tani 16 kwa mbele na tani 10 kwa pembeni. Kamba ya katani haina kazi hapo.

Mnyororo wenye pete iliyonyooka au kupasuka, au uliounganishwa kwa bolti, utupwe. Na mkono wa kukazia mnyororo usirefushwe kwa bomba. Bomba hilo likiruka humpiga mtu usoni kwa nguvu yote aliyokuwa amekazia.

NJIANI

Minyororo hulegea kadiri mashine inavyojikalisha. Sheria hiyo ya Marekani yataka mzigo ukaguliwe tena kabla ya kumaliza kilomita 80 za kwanza. Kutoka Kampala hadi Jinja ni karibu umbali huo huo. Lakini kwa barabara zetu zenye matuta, twashauri usimame Mukono, kilomita kama 20 tu, na tena Lugazi kabla ya kuingia msitu wa Mabira. Gusa vitovu vya magurudumu kwa nyuma ya mkono uone kama kuna kimoja chenye moto kuliko vingine.

Kwenye mteremko, shika gia ya chini kabla ya kuanza kushuka. Gia ambayo ungepandia mlima ndiyo ya kushukia. Breki zikikanyagwa mfululizo huchemka, na zikichemka hupoteza nguvu wakati ule ule unapozihitaji. Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Na katika mvua, usikanyage breki kwa ghafula kwenye kona: lori na trela vinaweza kujikunja kama kisu cha mfukoni.

Katika mji, magurudumu ya nyuma ya trela hayapiti yalipopita ya mbele. Hukata kona kwa ndani. Ndani hapo, penye taa za Nakawa kwa mfano, ndipo bodaboda na waenda kwa miguu hujipenyeza. Utingo ashuke aongoze, akiwa na koti linalong'aa. Asining'inie kwenye shingo ya trela wala asipande juu ya mzigo. Na ndugu zetu wa mashamba ya miwa, onyo hilo ni lenu pia: trela ya miwa si kiti.

HAKI YA KUSEMA HAPANA

Haya yote yanajulikana na madereva wazoefu. Mbona basi hayafanyiki kila mara? Kwa sababu saa moja ya kufunga mzigo vizuri hailipwi, bali safari hulipwa. Mwenye mali akimlipa dereva kwa idadi ya safari, amenunua haraka, na haraka hiyo huishia mgongoni kwa utingo. Kwa hiyo usalama wa trela ni jambo la mkataba kama lilivyo jambo la spana.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtambua mfanyakazi anayejiondoa penye hatari ya wazi. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, nao wasema mfanyakazi wa namna hiyo alindwe asidhuriwe kwa kufanya hivyo. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 yaweka fidia ya mshahara wa miezi 60 kwa familia inayomtegemea mfanyakazi aliyekufa kazini. Lakini hakuna mjane atakayekubali kubadilishana.

Basi wawakilishi wetu mahali pa kazi wadai mambo manne. Muda wa kupakia na kufunga uhesabiwe kuwa kazi na ulipwe. Minyororo, glavu, kofia ngumu na tochi vitolewe na mwajiri. Karatasi ya ukaguzi itiwe sahihi na dereva pamoja na utingo kabla ya lango kufunguliwa. Na asiwepo mtu wa kufukuzwa kwa sababu alisema trela haijawa tayari.

Dereva mmoja akisema hapana peke yake, hutafutwa dereva mwingine. Uwanja mzima ukisema hapana, hutafutwa mnyororo mwingine. Ndiyo maana tuna chama.

Umoja ni nguvu. Safari njema, na mrudi nyumbani wote mlioondoka.