Maua yasiungue na baridi, lakini jiko la mkaa libaki nje

Kati ya Juni na Agosti, kule Njombe na Makete, sakitu ya usiku mmoja inatosha kuunguza begonia na jeraniamu zote za uani. Ndiyo maana zipo familia zinazojenga kitalu nyumba kidogo: mianzi iliyopindwa, nailoni angavu juu yake, udongo wa kukandamiza kingo. Mianzi huko si ya kutafuta, ndiyo hiyo hiyo inayogemwa ulanzi.

Hatari huanza pale mtu anapoingiza jiko la mkaa ili maua yapate joto. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ndani ya nailoni iliyofungwa hujaa haraka, na watoto hupenda kujificha humo kwa sababu kuna joto. Mtoto huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia. Mzazi anaweza kudhani ni malaria. Atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali, hata akionekana amechangamka.

Joto bila moto lipo. Madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji hufyonza jua mchana, kisha hutoa joto polepole usiku. Baridi ikizidi, magunia hutandazwa juu ya nailoni hadi asubuhi. Mchana mlango ufunguliwe, maana unyevu uliokwama huozesha majani.

Mawaridi yenyewe ni magumu; hayo yanaweza kubaki nje.