Kinachokoroma darini si jini, ni makinda ya bundi

Mavuno yakiisha Katavi, magunia ya mahindi hulala stoo, sebuleni, hata uvunguni mwa kitanda. Panya huyafuata humo humo. Haipiti muda, kwenye nyumba moja ya bati pale Mpanda dari linaanza kukoroma usiku kucha. Wenye nyumba huita shehe, mchungaji au mganga. Wangepanda na tochi wangekuta makinda ya bundi.

Huyu ni yule bundi mwenye tumbo jeupe na uso wenye umbo la moyo. Mkubwa hupiga yowe kali la kukwaruza; makinda ndiyo hukoroma, na hayakoromi ovyo. Alexandre Roulin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, waligundua kwamba makinda hulia hata wazazi wakiwa mbali, kwa sababu yanapatana nani atapewa panya atakayeletwa. Mwenye njaa zaidi hulia mara nyingi na kwa kirefu. Aliyeshiba hunyamaza akampisha ndugu yake. Ni ustaarabu ambao kwenye sinia la ubwabwa hatuuoni kila siku.

Mzazi naye huwinda kwa masikio. Sikio moja limekaa juu kidogo kuliko la pili, basi tofauti ndogo ya sauti humwonyesha panya alipo hata kwenye giza totoro. Ukingo wa bawa lake una vijimeno laini kama vya kitana vinavyovunja upepo, ndiyo maana anapita kichwani pako usisikie kitu.

Kuhusu uchuro, ile imani kwamba bundi akilia mtu atakufa: nyumba yenye mgonjwa huacha taa ikiwaka, watu wakakesha. Taa huvuta wadudu, makombo huvuta panya, bundi akaja kula. Waliokesha wakamsikia. Siku alizolia na asife mtu, nani anazihesabu?

Wa kuogopwa ni panya. Makadirio ya watafiti ni kwamba huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya nchi hii. Mkojo wake pia hubeba vimelea vya homa ya mgunda. Julai 2022 Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa homa hiyo mkoani Lindi, wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki.

Sumu ya panya ina kasoro yake. Zile zinazozuia damu kuganda haziui papo hapo. Panya huzubaa siku kadhaa, bundi akamnyakua kirahisi, na sumu ikamwingia yeye na makinda. Umemuua mwindaji, na panya waliobaki wanaendelea kuzaa. Mitego ni salama zaidi, na magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Makinda huruka yakifikisha takriban miezi miwili. Yavumilie, kisha ziba tundu la paa. Kabla ya kufagia kinyesi na vibonge vya manyoya na mifupa ambavyo bundi hutapika, vaa barakoa na glovu, nyunyizia maji ya dawa, vumbi lisipae. Na ukipata homa, kichwa kuuma au kutokwa damu puani baada ya kusafisha stoo yenye panya, wahi kituo cha afya na umweleze daktari habari ya panya hao.