Kompyuta Inapopima Seli za Tumbo

Saratani nyingi za tumbo hazizuki ghafla, bali hutanguliwa na mabadiliko ya miaka mingi ambayo Pelayo Correa, mwanapatholojia mzaliwa wa Colombia, na wenzake waliyapanga kwa hatua mwaka 1975: uvimbe sugu wa utando wa ndani, ambao leo inafahamika kuwa mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, kisha kunyauka kwa tezi, kisha utando wa tumbo kugeuka ukafanana na wa utumbo, na hatimaye displasia, yaani hali ambayo seli zimekwisha kupotoka umbo na mpangilio ingawa hazijapenya tishu zilizo chini yake. Displasia ya daraja la chini mara nyingi hufuatiliwa kwa endoskopia za kurudia, ilhali ya daraja la juu huondolewa, na mpaka kati ya madaraja hayo kwa kawaida huwekwa kwa jicho tu.

Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Ulaya, akiwamo Jan Baak wa Uholanzi, walijaribu kulisaidia jicho hilo kwa vipimo. Picha ya slaidi hutoka kwenye hadubini na kuingia kwenye kompyuta, mipaka ya viini vya seli huchorwa, kisha programu hukokotoa eneo la kila kiini, uduara wake, uwiano wake na saitoplazimu inayokizunguka, na umbali ambao kimepanda kutoka kitako cha seli. Kipimo hicho cha mwisho, ingawa hakivutii kama ukubwa wa kiini, kina uzito wa pekee, kwa sababu katika utando wenye afya viini hukaa chini kwa safu moja, na kadiri displasia inavyokomaa ndivyo vinavyopandana kuelekea juu.

Ukubwa peke yake hudanganya. Kando ya kidonda kinachopona, seli changa zinazojaza pengo huwa na viini vikubwa vyenye rangi nzito, hivyo nambari zake huingiliana na za displasia ya daraja la chini, mahali hasa ambapo daktari alihitaji msaada. Aidha formalini na nta hupunguza ukubwa wa tishu kwa viwango vinavyotofautiana kati ya maabara na maabara, na anayehamisha kikomo cha maabara moja kwenda nyingine bila kukisahihisha ni sawa na fundi cherehani anayepima kitambaa kilichokwisha kusinyaa.

Liko pia jambo ambalo hakuna rula inayoliamua. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1997 ulionyesha kuwa wanapatholojia wa Japani na wa Magharibi, wakitazama slaidi zilezile 35, walitofautiana sana, kwani Wajapani waliita saratani kwa kuzingatia sura ya viini na tezi, huku wenzao wakidai kwanza ushahidi wa kupenya. Kompyuta ingewapa wote eneo lilelile la kiini, na bado wangeandika majina mawili, wengine saratani na wengine displasia ya daraja la juu. Mwafaka wa Vienna kuhusu uainishaji wa mabadiliko hayo, uliochapishwa mwaka 2000, uliyaweka majina hayo katika kundi moja la nne, kwa kuwa tiba yake inakaribiana, ukaacha kundi la pili kwa mabadiliko ambayo haijulikani kama ni displasia au ni kupona tu.