Asali na Ndimu: Somo la Kemia Kutoka Inyonga

Mwezi wa Septemba unapokaribia kwisha, jua la Inyonga huwa kali. Miti ya miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua kunyesha, na kila arudiye kutoka porini hutafuta kitu cha kukata kiu. Inyonga ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na Mkoa wa Rukwa. Tangu zamani Wakonongo wa huko wametundika misituni mizinga ya magogo na ya magome ya miti, na urinaji wa asali ni kazi yao ya jadi. Asali hiyo, pamoja na ndimu chache na maji safi, yatosha kutengeneza kinywaji kizuri nyumbani. Ndani ya bilauri moja ya kinywaji hicho yamo masomo mengi ya sayansi.

Utamu na uchachu

Kuchanganya kitu kitamu na kitu kichachu si jambo geni duniani. Huko Meksiko hutengenezwa pombe kali iitwayo tekila kutokana na mmea wa Agave tequilana. Mmea huo ni ndugu wa mkonge, Agave sisalana, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche aliyoiagiza, ni 62 tu iliyonusurika. Tekila huchanganywa na maji ya ndimu na kitu kitamu, na ukingo wa bilauri hupakwa chumvi.

Watu wengi hudhani kwamba pombe ndiyo iburudishayo katika mchanganyiko huo. Ukweli ni kinyume. Alkoholi hupunguza homoni iziamuruzo figo kuhifadhi maji, na kwa hiyo mnywaji hupoteza maji mengi kwa njia ya mkojo. Kiburudishacho ni maji yenyewe, ubaridi wake, na asidi ya ndimu ambayo husisimua tezi za mate. Pombe ikiondolewa na asali ikatiwa, hakuna kinachopungua katika kukata kiu.

Kwa nini asali haiozi?

Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi. Maji ni kiasi cha asilimia 17 hadi 20 tu. Kijidudu kinachoangukia katika asali hunyonywa maji yake kwa osmosisi, nacho hakiwezi kukua. Aidha asali yenyewe ni asidi: pH yake aghalabu ni karibu na 4.

Lakini ulinzi huo hudumu maadamu asali ni nzito. Asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaifunika kwa nta huwa na maji mengi, na hamira za asili zilizomo huanza kazi. Hizo hugeuza sukari kuwa ethanoli na gesi ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu asali mbichi hutoa povu na kuchacha, na mrinaji hupata hasara sokoni. Badiliko hilo hilo, likifanywa kwa makusudi, hutoa wanzuki, yaani pombe ya asali.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa chupa tatu. Ya kwanza itiwe asali tupu. Ya pili itiwe asali iliyochanganywa na maji mara nne ya ujazo wake, pamoja na chembe za hamira. Ya tatu iwe kama ya pili, ila hamira yake ichemshwe kwanza. Kila chupa ifungwe puto mdomoni na kuwekwa mahali penye joto. Baada ya siku moja au mbili puto la chupa ya pili litavimba; mengine yatabaki yamelegea. Kisha wanafunzi waulizwe sababu. Vilivyomo ndani ya chupa visinywewe.

Hatari ya pombe ya moshi

Wako wasioridhika na kuchachusha, wakaendelea kukeneka, yaani kugeuza kiowevu kuwa mvuke na kuupoza tena. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na methanoli kwenye nyuzi 65. Methanoli hutokana na pektini ya matunda, na mara nyingine wafanyabiashara waovu huongeza ile ya viwandani. Haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ladha. Mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva za macho na kuua. Mwaka 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe haramu yenye methanoli. Hakuna jaribio la jikoni liwezalo kuhakikisha usalama wa pombe ya namna hiyo.

Jinsi ya kutengeneza

Chemsha lita moja ya maji, kisha yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Tia vijiko vikubwa vinne vya asali, ambavyo ni kama gramu 80, ukoroge mpaka iyeyuke. Kamulia ndimu mbili au tatu, chuja kokwa, na ongeza chumvi kidogo sana, kiasi cha kubanwa kwa vidole viwili. Asali isitiwe katika maji yanayochemka, kwa kuwa joto kali huharibu vimeng'enya vyake na harufu yake. Vitamini C ya ndimu nayo hupungua kwa joto. Tumia chombo cha kioo, cha udongo au cha enameli, kwani asidi ya sitriki hula alumini.

Penye uhaba wa barafu, mtungi wa udongo wafaa. Maji hupenya katika vinyweleo vya mtungi na kugeuka mvuke. Kila gramu moja inayogeuka mvuke huchukua joto la jouli 2,400 hivi, nalo latosha kupoza lita moja ya maji kwa zaidi ya nusu digrii. Mtungi uwekwe kivulini penye upepo, wala usipakwe rangi, maana rangi huziba vinyweleo. Kinywaji chenyewe kitiwe katika chupa iliyofungwa, na chupa hiyo itumbukizwe katika maji ya mtungi.

Kinywaji hiki kinywewe siku ile ile, kwani sasa asali imezimuliwa na ulinzi wake umekwisha. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote, hata ya kulambishwa, kwa sababu yaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia.

Shule yenye mzinga mmoja, mche wa mndimu na mtungi tayari ina maabara ndogo. Mwalimu akiitumia vema, mwanafunzi atajifunza osmosisi, uchachushaji na joto fiche kwa vitu avijuavyo tangu utoto. Atajua pia kwa nini bilauri moja huburudisha, na nyingine yaweza kupofusha.