Adui na steringi ndani ya ndege moja

Ukiwasha mieleka kwa TV leo, unajua vizuri mshindi alipangwa kabla kengele ilie. Majamaa wawili wanatupiana viti, halafu kesho yake unawapata Instagram wakila nyama pamoja, na wala hushtuki. Sasa fikiria enzi ambapo picha moja kama hiyo ingeua biashara ya jimbo zima.

Hapo ni Marekani, kabla WWE haijameza kila kitu. Nchi ilikuwa imegawanywa kama route za matatu. Memphis ilikuwa na wenyewe, Florida wenyewe, Portland wenyewe, Texas wenyewe. Mwaka wa 1948 mapromota kadhaa waliunda muungano ulioitwa National Wrestling Alliance, na mojawapo ya makubaliano yao ilikuwa rahisi: usiingize gari kwa route ya mwenzako. Wanamieleka ndio walihama. Unapiga kazi mahali miezi kadhaa, pengine miaka miwili, watu wakikuzoea unasonga mbele.

Utamu wa huo mfumo, kwa maoni yangu, ni kwamba adui alikuwa jirani. Si mtu wa kuonekana kwa skrini tu. Jumamosi anakutukania mji wako kwa TV ya pale pale, na wiki hiyo hiyo anakuja kwenye ukumbi wa mtaa wenu, umbali wa kumrushia kikombe cha soda. Uhasama mmoja ulipikwa polepole kwa miezi, kama githeri. Leo amevunja mkono wa steringi wenu, wiki ijayo anamcheka, na wewe unalipa tiketi tena na tena ukingoja siku atakayopigwa. Watu waliamini, maze. Blackjack Mulligan alidungwa kisu na shabiki akiwa kazini Boston. Wengine walitoka ukumbini wakapata magurudumu ya magari yao yamekatwa.

Ili moto huo usizime, kulikuwa na sheria: steringi na adui hawaonekani pamoja. Vyumba tofauti vya kubadilishia nguo, magari tofauti, baa tofauti. Siri hiyo waliiita keifebu, na kuivunja kulikuwa tiketi ya kupoteza kazi.

Sasa ndio tufike tarehe 4 Oktoba 1975.

Himaya ya familia ya Crockett, iliyoshika majimbo mawili ya Carolina na Virginia, ilikuwa inawaka moto. Bingwa wao alikuwa Johnny Valentine, mzee wa miaka 47, adui wa kweli kweli, mtu aliyepiga ngumi polepole na kila moja ukaisikia mpaka viti vya nyuma. Chini yake alikuwa anainuka kijana wa miaka 26, nywele za dhahabu, mdomo mwingi. Ric Flair. Ndiyo, huyo huyo unayemjua.

Siku hiyo walipanda ndege ndogo aina ya Cessna kutoka Charlotte kwenda mechi Wilmington. Ndani kulikuwa na rubani, Valentine, Flair, mwanamieleka Bob Bruggers, David Crockett wa ile familia ya mapromota, na mtu mmoja ambaye hakufaa kabisa kuwa pale: Tim Woods, aliyejulikana pia kama Mr. Wrestling. Steringi wa mashabiki! Ndani ya ndege moja na maadui!

Mafuta yakaisha wakikaribia uwanja wa ndege. Ndege ikaanguka kabla ya kufika kwa njia yake ya kutua. Valentine alivunjika mgongo, akapooza, na hakupigana tena maishani. Flair pia alivunjika mgongo. Bruggers naye kazi yake ya ulingoni iliishia hapo. Rubani alikuja kufariki kutokana na majeraha.

Woods alikuwa ameumia lakini akili yake iko sawa, na hapo hospitalini, wenzake wakiwa hali mahututi, akafikiria kazi. Alipoulizwa jina akasema ni George Woodin, promota. Ukitaka kucheka, hilo ndilo lilikuwa jina lake halisi, la kitambulisho. Jina la kweli likamficha vizuri kuliko mask yoyote.

Lakini uvumi hauna breki. Watu wa Carolina walianza kuulizana: kwani Woods alikuwa anasafiri na Valentine? Basi yote yale ni mchezo? Jibu la Woods halikuwa barua wala mahojiano. Wiki mbili baada ya ajali alipanda ulingoni akapigana, maumivu yakiwa bado mwilini, ili kila mwenye macho aone kwamba mtu huyu hawezi kuwa ndiye aliyeanguka na ndege. Ukweli ungetoka, ni watu wangapi wangenunua tiketi tena? Kulikuwa na familia nyingi zilizokula kupitia uongo huo.

Nimejaribu kuona kama huo ni ushujaa au ni wazimu. Mtu anayeficha maumivu ili bosi asipoteze pesa, mtaani tunamjua, na mara nyingi hatumsifu. Hata hivyo Woods hakuwa anamlinda bosi peke yake. Flair alikuwa kitandani na daktari amemwambia asahau mieleka. Alirudi 1976, na kama himaya ingekuwa imekufa, angerudi wapi?

Miaka ya themanini Vince McMahon alivamia route za watu wote na TV yake ya kitaifa, na himaya zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Kisha mwaka wa 1989 kampuni yake ikawaambia wabunge wa New Jersey waziwazi kwamba mieleka ni burudani iliyopangwa, si mashindano. Sababu? Walikuwa wanataka kuondolewa chini ya tume ya michezo, pamoja na kodi yake.